Majibu ya Swali la Kumi na Nne

Jumatatu, 25 Novemba 1991. Sankwa.

Nimefika jana jioni kwa gari la misheni kutoka Kondoa. Nimepewa chumba nyuma ya zahanati, kwa muuguzi mkunga, Dada Generosa, mtu wa Mpwapwa ambaye ana miaka kumi na moja hapa. Alinionyesha choo, kisima na msumari wa kutundikia neti, halafu akaniuliza nitakaa mpaka lini. Nikamwambia mpaka mvua ziishe.

"Kwanza zianze," akasema.

Niandike kilichonileta. Niko mwaka wa pili wa shahada ya pili, Dar es Salaam. Tasnifu yangu inahusu masharti ya wafadhili wa nje na soko huria la mazao: viongozi wanakubaliana na wakopeshaji huko ughaibuni kwamba serikali ipunguze mkono wake katika kununua mazao, je, mkulima wa huku anaonaje? Waliochambua mikataba ni wengi. Waliomuuliza mkulima ni wachache. Msimamizi wangu, Dk. Ulimboka, ana mradi unaogharamiwa na wafadhili hao hao, na ndio ulionipa nauli na karatasi. Wanafunzi sita, vijiji sita. Mimi nimepangiwa kijiji cha Wasandawe kwa sababu, alisema, "Evodia, wewe huchoki." Hojaji mia moja, kila moja maswali ishirini na mawili.

Alhamisi, 28 Novemba

Mwenyekiti wa kijiji ameniletea mkalimani, Mwalimu Abbasi. Yapata miaka hamsini, mrefu, mkimya, koti la kijivu lililotiwa viraka kwa uzi wa rangi yake hasa. Alifundisha elimu ya watu wazima tangu miaka ya sabini, mpaka mafuta ya taa na vitabu vilipoacha kuja. Kiswahili chake ni kisafi kuliko changu. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaomba kuona hojaji. Ameisoma yote, taratibu, kurasa tatu. Akauliza jambo moja tu: "Jina la mkuu wa kaya linaandikwa hapa juu?"

Nikasema ndiyo, ili tusirudie mtu.

"Sawa," akasema, akanirudishia.

Jumatatu, 2 Desemba

Kaya sita. Nyumba za hapa ziko mbalimbali, kila moja na shamba lake, hata baada ya watu kukusanywa kijijini miaka ile. Tunatembea sana. Ninauliza kwa Kiswahili, Mwalimu anasema kwa lugha yao, yenye sauti za kugonga ulimi ambazo siwezi kuziiga hata moja. Nikijaribu, wanacheka kwa adabu.

Swali la 14 ndilo moyo wa kazi yote: Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mazao, hali yako imekuwa bora, ni ile ile, au imekuwa mbaya zaidi? Kwa nini?

Jumatatu, 9 Desemba

Kaya tano. Joto. Mawingu yanakuja saa nane na kuondoka saa kumi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Imenyesha kwa saa tatu. Asubuhi sikumkuta mtu nyumbani, kila mwenye jembe yuko shambani anapanda uwele na ufuta.

Ijumaa, 20 Desemba

Kaya thelathini na saba hadi leo. Nimejumlisha swali la 14: ishirini na sita wamesema "ile ile", tisa "bora", wawili "mbaya". Sababu zinafanana: "Tunaishukuru serikali," "Hatuna tatizo." Nilitarajia manung'uniko. Labda sisi wa chuo tunaipenda huzuni ya mkulima kuliko mkulima mwenyewe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Dada Generosa amechinja jogoo. Mwalimu Abbasi, ingawa ni Mwislamu, amekuja kutupa mkono wa heri akiwa na kibuyu cha asali. Amekaa, amekula wali, ametusimulia jinsi mzinga unavyopandishwa mtini. Nimempenda mzee huyu. Nimemwandikia Dk. Ulimboka kwamba sikutarajia kupata mkalimani wa namna hii.

Jumatatu, 6 Januari 1992

Kaya sitini. Nimezipeleka zote kwa gari la misheni ziende posta Kondoa, pamoja na jedwali la majumlisho. Dk. Ulimboka anazitaka mapema kwa ajili ya semina ya Dodoma mwezi Machi, watu wa wizara na wafadhili watakapokutana.

Jumamosi, 11 Januari

Leo mama mmoja mtu mzima amejibu swali la 14 kwa muda mrefu. Alisimama, akaonyesha kwa mkono kimo cha kitu, akakaa tena. Mwalimu akanigeukia: "Anasema hali ni ile ile."

Nikaandika. Lakini nilikuwa nimesikia, katikati ya lugha yao, maneno manne ninayoyajua: lori, gunia, mizani, ushirika.

Jumatatu, 13 Januari

Kaya tano. Nimeanza kusikiliza badala ya kusubiri. Lori mara saba. Lumbesa mara tatu, yaani lile gunia linalojazwa likashonewa kichwa juu likapita kipimo. Katika tafsiri za leo hapakuwa na lori wala lumbesa.

Jumanne, 14 Januari

Mvua kutwa. Sikutoka.

Alhamisi, 16 Januari

Kaya ya bwana mmoja anaitwa Seth. Wakati anajibu, mkewe alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Mwalimu alipotafsiri, yule mama alicheka kidogo akainamia ungo. Baadaye nikamwuliza Dada Generosa ni nani. Anaitwa Lea. Baba yake alikuwa kibarua wa reli, amekulia stesheni Manyoni. Kiswahili anakijua kuliko watu wote hapa, ukimtoa Mwalimu.

Jumatano, 22 Januari

Siku ya kliniki ya watoto. Lea alikuja na mwanawe kupima uzito. Nikamsubiri mpaka amalize.

"Dada Lea, siku ile ulicheka nini?"

"Nilicheka tu."

"Nilikosea kuuliza?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Hukukosea. Mimi sitaki kumvunjia heshima Mwalimu. Amenifundishia mama yangu kusoma."

Nikamwambia sitataja jina lake. Akaangalia nje, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kama anayetaja bei ya chumvi: "Mume wangu alisema ushirika ulichukua ufuta wake miaka miwili, malipo hayakuja. Akasema mwenye lori analipa siku hiyo hiyo, lakini gunia lake ni gunia na nusu, na ukikataa anawasha gari anaondoka. Akasema sisi ni ng'ombe ambaye serikali imewaachia watu wawili wamkamue, na wote wawili hawamlishi. Mwalimu akakwambia, hali ni ile ile."

Nimerudi chumbani nimezitazama hojaji thelathini na moja zilizobaki kwangu. Sitini ziko Dar. Sijui hata moja ni ya nani hasa: ya aliyejibu, au ya Abbasi.

Alhamisi, 23 Januari

Niandike kama ilivyotokea, nisijipendelee.

Tulikuwa tunarudi kutoka kaya ya tisini na tatu mvua ikatukamata. Tukajikinga kibarazani mwa ghala la ushirika, ambalo limefungwa tangu mwaka juzi. Nikasema, "Mwalimu, yule bwana wa leo alisema nini kuhusu lori?"

"Alisema mengi."

"Mimi umenipa maneno matatu."

"Nimekupa yanayotosha."

Nikamwambia ninajua alichosema Seth. Hakuniuliza nimejuaje. Akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa.

"Mwaka wa sabini na nne," akasema, "walikuja vijana wawili na karatasi kama zako. Wapole, wasomi. Juu jina, chini maswali. Swali kubwa lilikuwa, uko tayari kuhamia kijijini? Mimi nilikuwa kijana, nilijivunia Kiswahili changu, nikatafsiri neno kwa neno. Watu thelathini na mmoja walisema hapana. Baada ya mavuno ikaja operesheni, na orodha. Walianzia kwa wale thelathini na mmoja. Nyumba zilichomwa mtama ukiwa ndani. Ya nne ilikuwa ya kaka yangu. Yeye alikuwa amesema hapana, na sababu zake nilizitafsiri vizuri sana."

Mvua ilikuwa inapiga bati, akangoja ipungue kidogo.

"Alihamia hapa, akakaa miaka miwili, akafa. Hakuwahi kunilaumu. Ingekuwa nafuu."

Nikasema, "Mimi si serikali, Mwalimu."

"Barua yako ya utambulisho ina muhuri wa nani?"

Ina muhuri wa mkoa. Nikamwambia amenidanganya siku hamsini, kwamba kazi yangu yote imekuwa bure, kwamba hayo maoni ni yake, si ya watu, na hana haki ya kuwasemea. Nilimwambia hayo yote mimi, binti wa miaka ishirini na saba, mtu mwenye umri wa baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una maswali ishirini na mawili," akasema. "Hakuna linalouliza kama mtu anaogopa."

Akashuka kibarazani akaenda zake kwenye mvua.

Ijumaa, 24 Januari

Mwalimu hakuja.

Jumatatu, 27 Januari

Hakuja. Gari la misheni halikuja pia, mto umejaa. Barua niliyomwandikia Dk. Ulimboka iko mezani. Redio ya Generosa inazungumzia vyama vingi tu, kwamba watu walihojiwa nchi nzima na walio wengi wamesema wanataka kubaki na chama kimoja. Generosa alikuwa anachemsha sindano. "Sijui nani aliwatafsiria," akasema, akaongeza kuni.

Jumatano, 29 Januari

Nimemweleza Generosa yote. Nilitegemea aniunge mkono. Akasema, "Mimi nikija na sindano, mama anasema mtoto hajambo. Usiku homa inampanda. Kosa la nani? Nilikaa hapa miaka mitatu ndipo wakaanza kuniambia ukweli, na mimi nilikuwa natoa dawa. Wewe unatoa nini?"

Sikulala vizuri, lakini si kwa hasira tena.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeazima mkasi wa zahanati. Hojaji zote nilizo nazo nimezikata sehemu ya juu yenye majina, vipande nimevitia jikoni vikaungua pamoja na magunzi.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda kwa Lea. Nimemwomba anitafsirie upya, kuanzia mwanzo, bila majina. Amekubali kwa sharti: kwanza niwaeleze watu waziwazi ninatoka wapi, nani amelipa, na kwamba anayetaka kunyamaza anyamaze. Sharti la pili, siwezi kuwakalisha watu wakati wa palizi. Nitakwenda na jembe.

Ijumaa, 7 Februari

Kaya tatu kwa wiki nzima. Viganja vimechubuka. Watu wanazungumza wakiwa wameinama, Lea anatafsiri akiwa ameinama, mimi ninakariri halafu ninakimbilia kivulini kuandika. Mwenye kaya ya pili alisema hana la kusema. Nikaandika: hana la kusema.

Alhamisi, 20 Februari

Kaya kumi na tano hadi leo. Majibu hayafanani tena. Mmoja anamsifu mwenye lori kwa sababu ndiye pekee aliyefika mwaka ule barabara ilipokatika. Mwingine anasema ghala lilikuwa na mizani, na mizani ikidanganya unaweza kuiangalia usoni. Mjane mmoja alisema hajawahi kuuza chochote kwa yeyote, anaomba swali lingine.

Mto umepungua. Barua ya kwenda kwa Dk. Ulimboka imetoka leo, nimeiandika upya: majibu sitini ya kwanza si sahihi, naomba yasitumike.

Jumapili, 1 Machi

Nimepitia nyumbani kwa Mwalimu Abbasi kuomba radhi kwa maneno yangu ya kibarazani. Alikuwa anakaza mpini wa jembe. Nikamwambia yale ya kazi bado nayasimamia, lakini sikupaswa kumsemesha vile.

"Nimesikia unalima," akasema.

"Ninajaribu."

"Mistari yako imepinda. Watu wanasema." Akaniita ndani ninywe uji. Hatukuongea jambo lolote la hojaji, ila nilipoaga aliuliza: "Zile sitini, zenye majina, ziko wapi?"

Nikamwambia ziko ofisini Dar es Salaam. Akaitikia kwa kichwa, basi.

Ijumaa, 6 Machi

Ramadhani imeanza, na Kwaresma Jumatano. Kijiji kizima kimepungua sauti. Kaya mbili.

Jumatatu, 16 Machi. Dodoma.

Nimefika baada ya siku mbili. Mji umejaa vumbi la ujenzi usioisha na magari ya wizara. Dk. Ulimboka nimemkuta hotelini akipanga makabrasha. Amefurahi kuniona. Barua yangu hajaipata.

Nimemweleza nikiwa nimesimama. Akanisikiliza, akavua miwani.

"Jedwali limeshachapwa, Evodia. Nakala hamsini. Sankwa ndiyo inayosomeka vizuri kuliko vijiji vyote."

"Ndiyo maana, mzee. Ni sauti ya mtu mmoja."

"Na hizi mpya una ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa kwa mwezi na nusu." Hakusema kwa ukali. Ana vijiji sita, wafadhili wanaomhesabia siku, na mke mgonjwa Mbeya. Nikamwomba pia zile sitini nirudishiwe, kwa ajili ya majina.

"Hakuna atakayemchomea mtu nyumba mwaka wa tisini na mbili."

"Mimi pia naamini hivyo," nikasema. "Lakini wao niliwauliza bila kuwaambia lolote, na Mwalimu Abbasi siwezi kumwahidi kitu kilicho mikononi mwa watu wengine."

Akavaa tena miwani. Kisha akaniambia posho yangu inaisha Juni, mradi hautaongeza, na tasnifu itachelewa si chini ya mwaka. Nikasema najua. Akafungua begi. Hojaji sitini zilikuwemo, amekuja nazo kama ushahidi iwapo mtu atauliza. Akanipa.

Jumanne, 17 Machi

Semina. Ukumbi, maji ya chupa, feni moja. Kulipofika jedwali la pili Dk. Ulimboka akasema mstari wa nne, Sankwa, ufutwe. Mtaalamu wa wafadhili, mama mmoja wa Kizungu aliyekwisha kuupigia mstari kwa kalamu nyekundu, akauliza sababu. "Mwanafunzi wangu yupo, ataeleza."

Nikasimama. Sikumtaja Abbasi. Nilisema mkusanyaji, yaani mimi, aliuliza watu kwa majina yao akiwa na barua ya mkoa, na watu wakatoa majibu yanayowafaa watu wenye barua ya mkoa. Ukumbi ulicheka kidogo. Bwana mmoja wa wizara akauliza, "Kwa hiyo wananchi wa huko wanaipinga sera?"

"Bado sijui," nikasema.

"Basi ukijua utuambie," akasema, na mwenyekiti akaendelea na jedwali la tatu. Dakika nne. Niliona kalamu zikipita juu ya mstari wa nne, ukumbi mzima, halafu kurasa zikafunuliwa.

Jumanne, 7 Aprili. Sankwa.

Nimerudi baada ya Idi. Uwele umefika begani. Nimempelekea Mwalimu Abbasi hojaji zote sitini. Alikaa nazo kwenye mkeka akasoma majina moja moja, mengine akitabasamu, moja akiliweka kando kwa sababu mwenyewe amefariki Februari. Tukazikata pamoja.

Alhamisi, 9 Aprili

Kaya mbili. Jumla thelathini na moja. Lea amenisahihisha mstari wa jembe.

Jumanne, 14 Aprili

Asubuhi tulikuwa tunajiandaa kutoka, mimi na Lea, Mwalimu Abbasi akaja zahanati. Alikuwa amevaa lile koti. Tukaamkiana, akaulizia hali ya Generosa, akaulizia kazi imefika wapi.

"Leo tunakwenda kaya ya thelathini na mbili, Mwalimu."

"Mimi pia nina kaya," akasema. "Ekari tatu za ufuta. Hujaniuliza."

Kweli, sikuwahi. Nilikwenda naye miezi miwili, nyumba tisini na tatu, sikumwuliza hata siku moja. Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilianza maelezo ya mwanzo, ninatoka wapi, nani amelipa, naye akayasikiliza yote kama mgeni. Nikamwambia anaweza kujibu kwa Kiswahili.

"Hapana," akasema. "Nitajibu kwa lugha yangu. Lea atakwambia."

Tulikwenda swali kwa swali. Kwenye la 14 alizungumza muda mrefu, mikono magotini, akiangalia barabara. Lea alisubiri mpaka amalize.

"Anasema ushirika ulituibia, lakini mlango wake tuliujua, tulikuwa tunakwenda kugombana pale hadi wakatuita kwa majina. Mwenye lori hana mlango. Akiondoka, umebaki na hasira yako na hujui umpelekee nani. Na hao wa serikali wanasema sasa wamejitoa, lakini hawakuja kutuaga. Anasema labda hali imekuwa mbaya kidogo."

Mwalimu Abbasi akainua mkono.

"Sikusema labda," akasema kwa Kiswahili. "Wala sikusema kidogo."

Lea akainamisha kichwa. "Samahani, Mwalimu. Anasema hali imekuwa mbaya."

Nikaandika. Tukamaliza hadi la ishirini na mbili. Nilipoweka namba thelathini na mbili juu ya karatasi, akaegemea kuangalia.

"Andika na jina."

Nikamweleza kwamba hizi hazina tena nafasi ya jina, na kwamba nimekwishaahidi.

"Uliwaahidi wao," akasema. Akaomba kalamu, akaiweka hojaji pajani, na pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha wengine kuandika, akaweka jina lake, la baba yake na la babu yake.